Kikombe kichachu, kikombe kichungu: kisa cha mashine moja ya espresso

Shemeji yangu aliponiita nimsaidie kuchagua mashine mpya ya espresso, alikuwa ameshaichagua. Alichohitaji ni mtu wa kumwambia amefanya vizuri. Moyo wake ulikuwa kwenye mashine ya boila mbili, yaani matangi mawili ya kupashia maji, ya chuma inayong'aa, yenye kichwa kikubwa cha shaba, pale maji yanapotokea kuingia kwenye kahawa, na vipimo viwili vya presha mbele. Aliyokuwa nayo ni ya boila moja ndogo, mpini wa milimita 58 unaobeba chujio la unga na kufungwa kichwani, imara, ya miaka kadhaa. Shtaka lake dhidi yake lilikuwa fupi: ina siku zake. Mara kahawa chachu, mara chungu, mara nyepesi kama maji. "Shemeji, hii imechoka," aliniambia. "Tusipotezeane muda."

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimekiona kwa sura hiyohiyo kwenye nyumba nyingi. Mtu analeta malalamiko matatu yaliyofungwa pamoja kama mzigo mmoja, kisha anatafuta kifaa kimoja cha kuubeba wote. Kifaa hicho karibu kila mara huwa mashine, kwa kuwa ndiyo inayoonekana.

Nyumba ni ya watu wanne. Shemeji na vijana wao wawili wanakunywa kahawa ya maziwa yenye povu. Dada yangu, mkewe, hagusi maziwa. Anakunywa espresso tupu, na anapenda kahawa iliyokaangwa kidogo, ile inayobakiza ladha ya matunda. Wote wanne wanataka vikombe vyao asubuhi, ndani ya nusu saa ileile. Habari hii ndogo ndiyo iliyokuja kuamua kila kitu, na shemeji hakuitaja mpaka nilipomwuliza.

Buni hazikuwa na tatizo. Mfuko ulikuwa na tarehe ya kukaangwa, yapata wiki mbili nyuma, na ulikuwa umefungwa vizuri. Kahawa iliyokaangwa jana bado imejaa kaboni dioksidi na huvuruga mtiririko wa maji. Iliyokaa miezi kadhaa mfuko wazi haina tena cha kutoa. Hii ilikuwa katikati, mahali pazuri.

Kabla ya kuonja chochote tulipima. Shemeji alikuwa akipima unga kwa kijiko na kusimamisha mashine kwa jicho, kikombe kikionekana kimejaa. Nikaweka mzani wa kusoma sehemu ya kumi ya gramu chini ya kikombe, tukaanza na kipimo cha kawaida: gramu 18 za unga, gramu 36 za kahawa kikombeni, sekunde 25 hadi 30. Namba hizi si sheria. Ni mahali pa kuanzia, ili ukibadilisha jambo moja ujue ladha imebadilishwa na nini.

Nilipoligeuza chujio la mpini juu chini nikaona tatizo la kwanza. Lilikuwa lile la kuta mbili: ndani lina matundu mengi, lakini upande wa nje maji yote hutokea kwenye kitundu kimoja chembamba. Chujio la namna hii limetengenezwa kwa ajili ya unga ulionunuliwa umeshasagwa. Kizuizi kinachojenga presha ni kile kitundu, si kahawa, kwa hiyo hata unga mkubwa hutoa povu zito la hudhurungi. Shemeji alikuwa akilitazama povu hilo kila siku na kuamini kwamba kinu chake cha kusagia kinafanya kazi. Povu la chujio hilo halikuambii lolote kuhusu usagaji.

Chujio la ukuta mmoja lilikuwepo. Lilikuja na mashine na bado lilikuwa kwenye nailoni yake kabatini.

Tukalivaa, na mambo yakajidhihirisha. Kinu chao kilikuwa cha meno, si cha panga, na kwa kahawa ya kuchuja kwa karatasi ni kinu kizuri sana. Ndiyo kazi kilichonunuliwa kuifanya. Kina hatua za kuzungusha zinazolia *tak, tak*. Kwenye hatua ya nne, gramu 36 zilimwagika kwa sekunde 13, rangi ya majani makavu, mkondo ukiyumba na kurusha matone pembeni. Tukarudi hatua moja tu chini. Pampu ikaanza kunguruma kwa sauti nzito, tukasubiri, na chini ya mpini yakaning'inia matone mawili meusi yasiyotaka kuanguka. Kati ya hatua hizo mbili hapakuwa na kitu. Usagaji alioutaka dada ulikuwa ndani ya pengo lile, na kinu hakikuwa na njia ya kuufikia.

Unaweza kuongeza au kupunguza gramu moja ya unga ili kuziba pengo, nasi tulijaribu. Muda ukakaa sawa, ladha haikukaa. Kile kikombe kilikuwa kichachu mwanzoni na kichungu mwishoni, kwa pamoja. Hiyo ni dalili ya usagaji usiolingana: chembe kubwa maji yanazipita kabla hayajazimaliza, nazo hutoa uchachu, vumbi laini linakamuliwa kupita kiasi, nalo hutoa uchungu. Mashine ya bei yoyote ingepokea mchanganyiko uleule na kutoa kikombe kilekile, pengine kibaya zaidi, kwa kuwa mashine nzuri haifichi kitu.

Nilikuwa nimebeba kinu changu, kisicho na hatua, cha kuzungusha taratibu mpaka unapotaka. Buni zilezile, mashine ileile, chujio lile la ukuta mmoja. Nikakoroga unga ndani ya chujio kwa sindano nyembamba ili uvunjike mabonge, nikaushindilia sawasawa, na baada ya kurekebisha mara chache tukapata gramu 36 kwa sekunde 28, mkondo mzito unaoshuka bila kukatika. Dada akanywa mpaka tone la mwisho. "Kumbe ndiyo hii," akasema. Shemeji akanitazama. "Basi mashine haina neno?"

Inalo, nikamwambia, ila si hilo.

Neno la mashine alilitoa dada mwenyewe, wakati tunaosha vyombo. Alisema kahawa yake haiharibiki ovyo kama mume wake anavyodhani. Akitengenezewa kabla ya maziwa kupigwa, huwa inachachuka. Akitengenezewa baada ya maziwa, huwa inaungua. Alikuwa ameliona jambo hili muda mrefu, lakini hakuna aliyemwuliza. Kwangu sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko kipimo chochote, maana iligeuza "ina siku zake" kuwa mpangilio unaoeleweka.

Tuanze na uchachu wa kabla ya maziwa. Taa ya mashine yao huwaka dakika chache tu baada ya kuwasha, nao walikuwa wakianza hapohapo. Taa ile inasema maji ya boila yamefika joto. Haisemi lolote kuhusu kichwa cha chuma na mpini, ambavyo bado ni baridi na hunyonya joto la maji yanapopita. Zaidi ya hapo, thamostati ya kawaida haishiki joto mahali pamoja. Inazima umeme joto likipanda, inasubiri lishuke, inawasha tena, na tofauti kati ya kilele na bonde inaweza kuzidi nyuzi 10. Ukibonyeza kitufe maji yakiwa bondeni, kahawa haikamuliwi vya kutosha, hasa hii ya dada iliyokaangwa kidogo, ambayo hudai maji ya nyuzi 93 hadi 96.

Uchungu wa baada ya maziwa una sababu iliyo kinyume. Mashine ya boila moja hutumia boila hiyohiyo kwa kazi mbili. Ili kutoa mvuke, boila inapandishwa hadi nyuzi 120 na zaidi. Mtu akimaliza maziwa na kugeukia kahawa papo hapo, anaimwagia maji yanayofoka. Shemeji alikuwa akimtengenezea mkewe mwisho, kwa heshima, ili akinywe kikiwa cha moto, na ndiyo maana kikombe kilichotengenezwa kwa heshima zaidi ndicho kilichokuwa kibaya zaidi.

Haya yote yanarekebishika bila kununua kitu. Iwashe mashine mapema, mpini ukiwa umefungwa mahali pake, uache chuma kipate moto kwa dakika 20 au zaidi. Pitisha maji kidogo mpaka taa ile izime, subiri iwake tena, kisha tengeneza kahawa ndani ya muda uleule kila siku, ili kila kikombe kidake joto kwenye nukta ileile ya mzunguko. Kahawa tupu itangulie, maziwa yafuate. Na ukimaliza mvuke, pampu maji mapya hadi kufoka kuishe. Hilo hushusha joto na pia huijaza boila, maana mvuke umetoka humo na koili ya kupashia haipaswi kubaki wazi bila maji.

Wapo watakaosema: mfungie kidhibiti cha joto cha elektroniki, kile kinachoitwa PID, biashara imekwisha. Kwa mtu mwingine ningesema hivyohivyo. Kidhibiti hicho hupima joto kila wakati na kuachia umeme kwa vipande vidogo, badala ya kuuwasha wote na kuuzima wote, na kwa mashine ya boila moja inayotumiwa na mtu mmoja anayekunywa espresso tupu, sijui uboreshaji unaolipa kuliko huo. Lakini kwa nyumba hii niliupinga. Ungetibu uchachu wa dada na kuacha tatizo la maziwa, nitakalolifikia, palepale.

Suala la presha tulilipitia haraka. Shemeji alijivunia kwamba kisanduku cha mashine kimeandikwa bar 15. Hiyo ni presha ya juu kabisa ambayo pampu ndogo ya kutetemeka inaweza kuifikia ikizibwa, wala si presha inayotakiwa kwenye kahawa. Inayotakiwa ni karibu bar 9. Ndani ya mashine kama yake kuna vali ya kupunguza presha yenye springi, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa juu ya 9. Springi laini zaidi huishusha. Ni kazi ya bisibisi na uvumilivu, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme na imepoa kabisa, na ikiwa dhamana imeshaisha. Inasaidia, lakini kama kinu ni kibovu huwezi hata kuisikia tofauti.

Basi tukafika kwenye maziwa, na hapa shemeji alikuwa na haki.

Asubuhi moja niliketi tu kuwatazama. Vikombe vitatu vya maziwa na kimoja kitupu, mashine ya boila moja. Kahawa ya kwanza ikatoka, swichi ya mvuke ikabonyezwa, wakasubiri. Mvuke ukaja na nguvu, ukapiga maziwa ya kikombe kimoja, na ulipoanza cha pili ukalegea, ukawa unakoroma na kutema maji, maziwa yakapata mapovu makubwa ya sabuni badala ya ule ulaini unaong'aa. Wakasubiri tena. Kisha joto likabidi lishushwe kwa ajili ya kahawa inayofuata, kisha lipandishwe. Kijana wa pili aliondoka bila kunywa. Hakuna kinu wala kidhibiti kitakachoondoa hali hii. Boila ndogo moja haiwezi kuwa nyuzi 94 na nyuzi 120 kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mashine mpya ilihitajika kweli, kwa sababu ya maziwa ya watu watatu. Ukijua hivyo, hata namna ya kuchagua inabadilika: badala ya kuuliza ipi ni bora, unauliza ni ipi inayoweza kupika kahawa na kutoa mvuke kwa pamoja, na ikashika joto analolitaka dada.

Njia ya kwanza ni mashine ya boila moja kubwa yenye bomba linalopita ndani yake. Boila inakaa kwenye joto la mvuke muda wote. Maji ya kahawa yanapita kwenye bomba hilo na kupashwa njiani. Unapata mvuke wa kutosha na kahawa papo hapo. Kasoro yake ni kwamba maji yakikaa kwenye bomba bila kutumika hupata moto kupita kiasi, hivyo inabidi umwage kidogo kabla ya kikombe, na kiasi cha kumwaga kinatokana na mazoea ya mkono. Kwa kahawa iliyokaangwa wastani inayokwenda kwenye maziwa, hiyo si shida hata kidogo. Kama shemeji angekuwa anaishi na vijana wake tu, ningemwambia achukue hiyo na kiasi kitakachobaki akitie kwenye kinu.

Njia ya pili ni zile zenye kipashio cha haraka, ambazo huwa tayari ndani ya sekunde au dakika chache. Ninaziheshimu kuliko wengi wanavyoziheshimu. Kwa mtu mmoja mwenye haraka zinatosha. Kwa nyumba hii zile ndogo zingerudisha foleni ileile, kwa kuwa nyingi hutumia kipashio kimoja kwa kahawa na kwa mvuke.

Njia ya tatu ni boila mbili, kila moja na joto lake, na unaweka namba unayoitaka. Dada akitaka 94 anaweka 94. Na mtu mwenye kahawa iliyokaangwa sana akitaka 90, anashusha. Kwa watu hawa hii ndiyo iliyofaa, kwa hiyo shemeji alikuwa ameipata aina sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Tulichopingana ni kichwa. Aliyoipenda ilikuwa na kichwa cha E61, muundo uliotoka kwenye mashine ya Faema ya mwaka 1961, mwaka wa kupatwa kwa jua ambako ndiko jina lilikotoka. Kabla yake, mashine za Achille Gaggia za baada ya vita zilitumia wenzo na springi kusukuma maji. Faema ikaweka pampu ya umeme, na ikazungusha maji ya moto ndani ya kichwa ili chuma kisipoe. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na ndiyo maana inaigwa mpaka leo. Ila ni kilo 4 hivi za shaba, na zinahitaji nusu saa au zaidi kupata moto sawasawa. Nilimwuliza shemeji nani ataamka kuiwasha. Akajibu kuna soketi za kujiwasha zenyewe kwa saa. Ni kweli, mradi soketi iweze kuhimili umeme unaovutwa na mashine kubwa, na wengi husahau kulitazama hilo. Hata hivyo jioni wageni wakija bila taarifa, nusu saa ni nusu saa. Mwishowe walichukua ya boila mbili yenye kichwa kinachopashwa na koili yake chenyewe, iliyo tayari mapema zaidi. Haina sura ya ile ya kwanza. Shemeji aliisikitikia, nami sikumlaumu; kitu kinachokaa jikoni kila siku kina haki ya kupendwa kwa sura pia.

Mpangilio wa kununua ndio niliousimamia kwa nguvu zote: kinu kwanza, mashine baadaye, na pesa ya kinu isiwe makombo ya pesa ya mashine. Kinu cha kurekebisha bila hatua kilifika kwanza, wakakaa nacho miezi kadhaa kwenye mashine ya zamani. Muda huo haukupotea. Kijana mkubwa alijifunza kusoma mtiririko, kupima kila kikombe, kubadilisha jambo moja kwa wakati. Mashine mpya ilipoletwa, kikombe cha kwanza kilikuwa cha kunyweka. Waliofanya kinyume, wakaanza na mashine, mara nyingi hukaa miezi hiyohiyo wakiamini wameuziwa kifaa kibovu.

Mashine ya zamani alipewa kijana huyohuyo alipohamia kwake. Anaishi peke yake na anakunywa kikombe kimoja. Tuliifungia springi ya presha 9 na mpira mpya wa kichwa, kwa kuwa wa zamani ulikuwa umekauka na kuvujisha pembeni. Kidhibiti cha joto atakifunga mwenyewe akitaka. Kwake sasa kina maana.

Kilichobaki ni maji, na hapa nilikuwa mkali kuliko kwenye kinu. Walikuwa wakitumia ya bomba moja kwa moja, na kijikaratasi cha kupimia kilionyesha ni magumu, yenye madini mengi ya kalisi na magnesi. Kwenye mashine ya zamani ukoko wa chokaa ulikuwa umeanza kuonekana kwenye matundu ya kichwa. Kwenye boila mbili hatari ni kubwa zaidi upande wa mvuke, kwa sababu mvuke unatoka ukiwa msafi na madini yote yanabaki ndani, yakiongezeka ukali kila boila inapojazwa. Kukimbilia maji yaliyokenekwa, yaliyoondolewa madini, nako hakufai: yana ladha bapa, huweza kula metali, na vijiti vinavyopima kina cha maji ndani ya boila vinategemea madini kupitisha umeme, hivyo boila inaweza kudhani ni tupu na kuendelea kujaza. Wanatumia sasa chujio la kulainisha maji, na wanapima upya kila wanapolibadilisha. Mara moja kwa wiki dada hutoa maji ya kutosha ya boila ya mvuke kupitia bomba la maji ya moto, ili mapya yaingie. Kuyeyusha chokaa kwa tindikali hawatajaribu wenyewe, kwa kuwa kitabu cha mashine yao kinakataza mteja kufanya hivyo nyumbani.